Jibu: Je, amwambie muuguzi kwamba amerudia heroini?

Ndugu yangu, umeuliza kama mdogo wako anayetumia methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, amweleze muuguzi kwamba wiki hii amerudia heroini, ilhali anaogopa kufukuzwa kliniki. Amweleze, tena kabla ya kupokea kikombe cha dawa, kwa sababu methadoni na heroini zikikutana mwilini zinaweza kuzima pumzi, na aliyekosa dozi siku kadhaa hupunguziwa kipimo kwa usalama wake, si kwa kuadhibiwa. Huduma hii ilipoanza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, mgonjwa alikunywa dawa mbele ya mhudumu kila siku. Kuonana huko ndiko kunakojenga imani, au kuibomoa pale mhudumu anapomwita mtu teja mbele ya foleni. Akikaripiwa, ombeni kuonana na daktari faraghani, nawe umsindikize.