Kila akiamka anashtuka, mama mkwe asema ni tumbo

"Shikamoo shangazi. Binti yangu ana miezi mitano. Tangu wiki jana, akiamka tu anainamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, anatulia, kisha anarudia. Mama mkwe anasema ni tumbo. Mume wangu anasema najitafutia ugonjwa kwenye simu. Kliniki wamemtazama wakasema yuko sawa. Au ni mimi tu?" Mama wa Kayole

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na neno lililonishika ni hilo "anarudia".

Mtoto aliyeshtuliwa na mlango hushtuka mara moja, analia, basi. Wa tumbo hukunja miguu na kulia mfululizo mpaka ajambe. Haya yako ni mengine: sekunde moja au mbili, kimya kidogo, tena, tena, kama mzee anayesinzia kanisani. Kuna kifafa cha watoto wachanga kinachokuja hivyo hivyo, hasa wakitoka usingizini, na mara nyingi huanza kabla hawajatimiza mwaka. Daktari mmoja Mwingereza, William West, alikieleza mwaka 1841 baada ya kukiona kwa mwanawe mwenyewe. Naye mwanzoni alidhani ni kamchezo tu ka mtoto! Sisi tumezoea degedege la homa, la kukakamaa na macho kugeuka. Hili halihitaji homa, ndiyo maana watu hulipuuza.

Mimi si daktari, siwezi kusema binti yako analo. Lakini kliniki waliona mtoto aliyetulia. Wapelekee kitendo chenyewe. Simu hiyo hiyo anayoilaumu mumeo, iwashe kabla mtoto hajaamka. Toa blanketi, mwili wote uonekane, acha irekodi. Kisha mshike mkono polepole: kutetemeka kwa kawaida hukoma ukishika, kifafa hakikomi. Na ujiulize, bado anakutabasamia? Bado anafuata uso wako kwa macho? Kama ameacha jambo alilokuwa akilifanya, daktari aambiwe hilo kwanza.

Usingoje siku ya chanjo. Hospitali ya Mama Lucy iko karibu nawe, nenda leo, uulizie daktari wa watoto na kipimo cha umeme wa ubongo. Wasipokuwa nacho, omba barua ya rufaa ya Hospitali ya Kenyatta. Dawa zipo, ila kila wiki inayopotea huweza kuugharimu ubongo wa mtoto. Akishikwa zaidi ya dakika 5, akibadilika rangi au asipoamka vizuri, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala maji mdomoni.

Mama mkwe usibishane naye, amelea kwa aliyoyajua. Mumeo mpe video aitazame peke yake, ahesabu mwenyewe ni mara ngapi. Halafu mkipanda matatu, yeye ndiye ambebe mtoto.