Re: Kwa nini 3 − (−4) inakuwa 7?

Ndugu, umeuliza inakuwaje kutoa kulete jibu kubwa kuliko namba uliyoanza nayo. Swali zuri sana, na usikubali kukariri tu kwamba "hasi mara mbili ni chanya". Kanuni hiyo ukiikariri bila kuielewa, utaitumia hata kwenye −3 − 4 uandike 7, wakati jibu ni −7.

Chora mstari wa namba. Sifuri katikati, chanya kulia, hasi kushoto. Kila ukienda kulia namba inakua, ndiyo maana −2 ni kubwa kuliko −5 ingawa macho yanaona 5 kwanza.

Sasa fikiria deni. Una 7 mkononi na unadaiwa 4, kwa hiyo mali yako halisi ni 3. Anayekudai akikusamehe, deni limeondolewa: 3 − (−4). Umebaki na nini? Zile 7 zote ni zako. Hukupewa hata senti, lakini mali yako imepanda kwa 4. Kuondoa deni ni sawa na kuongeza mali.

Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliziandika kanuni hizi mwaka 628 kwa lugha hiyohiyo ya mali na deni, kwa hiyo hii si njia ya kitoto.

Jaribu −6 − (−2) ukiwa na kidole juu ya mstari. Anzia −6, sogea kulia hatua mbili. Ukifika −4, umeelewa.