Yakhe, neno refu kwenye Scrabble linaandaliwa mapema

Scrabble ni ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni, sie twacheza ya Kiingereza, kila mtu anashika herufi saba kutoka mfukoni na kila herufi ina pointi zake. Vijana wa barazani kwetu hapa Chake Chake wananiuliza kila siku, kaka haya maneno ya herufi saba, nane unayatoa wapi, umekariri kamusi nzima? Sivyo jamani. Kamusi inasaidia, lakini kikubwa ni zile herufi unazobakisha mkononi baada ya kucheza, na hapo ndo wengi hawapaangalii kabisa.

Ukimaliza herufi zako zote saba kwa mpigo mmoja unapewa pointi 50 juu ya pointi za neno lenyewe. Kwa hiyo mtu anacheza vineno vya pointi 15, 18 kila zamu anaona mambo yake mazuri, mwenzake anashusha saba mara mbili tu na kumpata tena ni kazi.

Sasa S ziko nne tu kwenye mfuko mzima wa herufi 100 na vile vitupu, visivyoandikwa kitu na vinavyosimama badala ya herufi yoyote, viko viwili, usivimalize kwa neno la pointi nane, vitunze. Q isikae, QI linakubalika kwenye mashindano, likipata pa kukaa liweke uendelee. Irabu zikijaa, umekaa na A A I I U, zirudishe mfukoni uvute nyengine, ndio zamu imekwenda lakini kuzivumilia zamu tatu hasara yake kubwa zaidi. Mie napenda nibakiwe na irabu mbili au tatu na zile za kawaida, R, N, T, S, L.

Alafu ubao wenyewe! Mwaka 2006 kule Lexington, Massachusetts, seremala mmoja wa Marekani, Michael Cresta, alimaliza gemu na pointi 830, na neno moja tu, QUIXOTRY, lilimpa 365. Watu wanaisoma hiyo namba wanashangaa wanapita, hebu tuihesabu. Vile visanduku vyekundu vya pembezoni vinazidisha neno mara tatu, na ukianzia cha kwenye kona mpaka cha katikati ya mstari huo huo wa pembeni unapata nafasi nane kamili, kwa hiyo neno la herufi nane, saba zako na moja iliyokwisha kaa ubaoni, likigusa vyote viwili ni tatu mara tatu, yaani tisa. QUIXOTRY lenyewe pointi 27, X ikakaa kwenye kisanduku cha kuzidisha herufi mara mbili ikaongeza 8, zikawa 35, mara 9 ni 315, tia na zile 50. Bahati ya kuvuta Q na X ipo, sikatai, lakini mstari wa pembeni ukiwa na herufi moja imekaa peke yake na huku huuangalii, hata uvute nini hutoliona neno.

Ndo maana nasema soma ubao kwanza kisha ndo utazame herufi zako. Nigel Richards wa New Zealand, yule aliyebeba ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa hakizungumzi, aliwahi kuwa na C, D, H, L, R, N na kitupu kimoja. Kwenye ubao kulikuwa na O, O nyengine na E, zimeachana achana kwenye mstari mmoja. Akazipitia zote tatu akaandika CHLORODYNE, herufi kumi! Mie kila nikilifikiria lile neno nasisimka, maana wengi wetu tungetafuta la saba tukaishia hapo hapo.

Mazoezi yake si magumu. Usiku wa leo toa T, I, S, A, N, E ziweke mezani, alafu vuta herufi moja moja kutoka mfukoni uitie na hizo sita, zikoroge uone zinatoa nini. D inakupa INSTEAD, M inakupa INMATES, R ina RETAINS na NASTIER. Ikija G usisimame kwenye SEATING, TEASING nalo limo.