Jibu: Jailhouse Rock ni wimbo wa huzuni ya jela?

Mkuu, umeuliza kama Jailhouse Rock ni wimbo wa huzuni kwa kuwa unaimba habari za gerezani, na kama Elvis Presley, Mmarekani aliyeuimba, aliutunga mwenyewe. Yote mawili hapana.

Waliotunga ni Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa ajili ya filamu ya 1957 yenye jina hilohilo. Wamesimulia wenyewe kwamba walikuwa hotelini New York wakila raha badala ya kazi, mpaka mchapishaji wa nyimbo zao akaburuta kochi akaziba mlango: hakuna kutoka bila nyimbo. Mchana uleule zikapatikana nne!

Ukisikiliza maneno utacheka. Wafungwa wamepewa bendi, wanapiga saksafoni na tromboni. Mmoja amejiinamia juu ya jiwe, hana wa kucheza naye, bwana jela anamwambia achukue kiti cha mbao acheze nacho. Mwingine anashawishiwa watoroke wakati hakuna anayewaangalia. Anakataa, anataka kubaki anogewe na muziki. Sasa huzuni iko wapi hapo?

Mwanzo wake nao ni mtamu: gitaa la Scotty Moore linateleza kutoka nota moja kwenda ya jirani, ngoma ya D.J. Fontana inajibu paa-paa, halafu Elvis anaingia. Mimi hurudia hapo tu mara tatu nne.

Ukiitazama filamu, mwangalie mpiga kinanda. Ni Stoller huyohuyo.