Siku ya mtu wa stendap akiwa mkoani, naelezea yangu moja tu

Mkuu uliyeuliza kama sisi wa stendap, yani wa kuchekesha watu kwa stori jukwaani, tukienda mikoani tunalala gesti mpaka jioni, afu tunapanda jukwaani nusu saa, tunabeba hela tunasepa, nimecheka peke yangu hapa. Sikulaumu, hata mamangu anaamini hivyohivyo. Ngoja nikupe Ijumaa moja ya Iringa mwaka jana, maana ilikuwa na kila kitu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa Moro. Saa nne asubuhi nipo stendi ya Msamvu nasubiri basi linalotoka Dar, nimelala masaa matatu. Moro mpaka Iringa ni kilometa 300 na kitu, na hapo kwenye siti ndo ofisini kwangu, daftari mapajani naangalia ipi jana walicheka, ipi walicheka kwa huruma. Na kuna kitu sisi wa Dar hatukijui mpaka tutoke: vichekesho vya Dar vinaishia Kitonga. Foleni ya Ubungo, makonda wa Mbagala, mwendokasi kujaa mpaka mlango haufungi, ukishapanda ule mlima havina mwenyewe. Watu wanaelewa vizuri tu, ila wanakuangalia kama mgeni anayelalamikia matatizo aliyoyatafuta mwenyewe. Basi Ruaha Mbuyuni wenzangu wananunua vitunguu dirishani mi nakata mistari, tumefika Ilula nimebaki na dakika kumi na tano za uhakika wakati promota kalipia arobaini na tano.

Na zile klipu zilizotembea kwenye simu ndo usiziguse kabisa. Msanii wa muziki akirudia wimbo wa zamani ukumbi mzima unaimba nae, mi nikirudia stori ya zamani kuna jamaa nyuma anamalizia kabla yangu.

Kwaiyo kazi inaanza ukishuka. Stendi ya Iringa sa hivi iko Igumbilo, huko chini barabara kuu, mji wenyewe uko juu mlimani. Nikachukua boda nikamwambia dogo nipeleke mjini ila twende taratibu, nataka unipe stori za hapa. Mwanzoni aliniangalia kama mtu wa usalama. Baadae akafunguka balaa, akanielezea jinsi abiria wa basi la usiku anavyoshushwa Igumbilo na baridi ile, kavaa shati la Dar, anatetemeka mpaka hawezi kutaja bei anayotaka, yani dogo akisema elfu nne mtu anatikisa kichwa kwa baridi, yeye anahesabu kakubali. Nikamwambia rudia hapo. Nikaandika palepale kwenye boda, mwandiko kama wa daktari.

Nikala kwa mama ntilie mmoja Miyomboni nikaijaribu ile ya baridi kwa wateja wake. Kimya. Yule mama akaniambia "mwanangu, umeisema haraka mno, mtu anayetetemeka haongei haraka." Hilo darasa nilipewa, na wali maharage juu.

Saa kumi ukumbini. Hapa ndo watu huwa hawaoni. Di-jei anaipenda maiki yenye eko, kwa bendi sawa, kwa MC wa harusi sawa, ila kwangu eko ni sumu, neno la mwisho la stori likijirudia mara tatu limeshaisha utamu. Tukabishana nusu saa, na zile sauti zake za vicheko vya kwenye kompyuta nikamuomba kwa heshima zote azifiche. Afu meza. Walizipanga mbalimbali kama za kikao cha harusi, nikaanza kuzisogeza mwenyewe na wahudumu, kwasababu kicheko kinaambukiza kama miayo na mtu akikaa mita nne kutoka kwa mwenzie anaona aibu kuanza. Halafu nikawaomba wahudumu kuku wasipite mbele ya jukwaa. Walikubali wote. Walipita wote.

Kibali cha afisa utamaduni alikuwa nacho promota, nilikiona kwa macho, huwa sipandi bila kukiona. Kitu ambacho promota hakukiangalia ni ratiba ya ligi. Yanga walikuwa wanacheza usiku uleule. Show ya saa mbili ikaanza saa nne kasoro, nusu ya watu wamenuna kwa sababu ya sare.

Akafungua chipukizi wa hapohapo Iringa akaua, nikaingia mimi nikafa. Dakika kumi mbaya sana ndugu zangu. Meza ya mbele alikaa mgeni rasmi, na nyie mnajua tulivyo, watu wakisikia kichekesho wanamwangalia kwanza mkubwa kama kacheka ndo nao wacheke. Mkubwa alikuwa anasoma simu. Marehemu mzee Majuto alikuwa akijitokeza tu watu wako chini kabla hajafungua mdomo, mi nikijitokeza wanaulizana huyu ndo nani.

Nikaamua kutupa daftari. Baba yangu ni Mngoni wa Songea, mi mwenyewe wa Temeke, Kingoni najua salamu na matusi mawili. Ila Wangoni na Wahehe walipigana sana karne ya 19 wakaishia kuwa watani, na mtani hata msibani anaweza kukaa kwenye njia ya jeneza mpaka apewe chochote na hakuna wa kumgusa. Nikasema: jamani mi Mngoni, nimetumwa na ukoo, nimekuja kuchukua ng'ombe wa babu yangu mlobaki nao.

Ukumbi ukafanya aaaah. Afu mama mmoja wa kama miaka sitini, kitenge chake na soda yake, akasimama katikati: "Ng'ombe wapo! Ila babu yako alipokimbia alituachia na bibi yako, unaanza kumchukua nani?"

Aisee. Sikupata neno. Watu walipiga meza, mgeni rasmi kavua miwani anajifuta macho, ikawa ruhusa. Nikamshukia yule mama na maiki tukatupiana karibu dakika saba na kanishinda zote, kisha ile ya baridi nikaiweka hapo, taratibu, natetemeka kabla ya kila neno. Ikaenda. Arobaini na tano zikawa saa nzima.

Malipo sasa. Advansi nilishapewa, iliyobaki promota akaanza hadithi ya mlangoni watu wachache kwa ajili ya mpira. Nilikaa kwenye kiti mpaka saa nane usiku bila kugombana, tukahesabu vishina vya tiketi pamoja, akatoa pungufu kidogo, nikapokea. Nimeshawahi kugoma nikarudi Dar na haki yangu bila nauli.

Saa kumi na moja alfajiri nikampigia dogo wa boda anirudishe Igumbilo kuwahi gari la Mbeya. Njiani ananiambia jana alikuwa nje ya geti anasikiliza, kiingilio hakuwa nacho. Nikamuuliza vipi, akasema nzuri, ila umesema abiria wawili walitetemeka na mi nilikwambia mmoja. Tumefika nampa elfu nne yake, anatikisa kichwa. Elfu tano, kaka, hiyo moja ni ya stori.