Santuri ninayo, mashine sina

SWALI: Mzee wa Santuri, habari yako? Binamu yangu anayesoma Manchester amenitumia santuri ndogo ya bendi moja ya roki, wale wanaotoa nyimbo zao wenyewe bila kampuni kubwa. Ina wimbo mmoja kila upande. Kaka zangu wananicheka: wimbo wenyewe uko kwenye simu, na mashine ya kuuchezea sina. Niitundike ukutani tu, ama nitafute mashine? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Usiitundike! Waulize kaka zako upande wa pili una wimbo gani. Bendi ndogo hupenda kuweka huko kitu ambacho hakikuingia kwenye albamu, na mara nyingi ndicho kitamu.

Nairobi tunazijua santuri hizi. Za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949, na miaka ya sabini ndizo zilizokuwa biashara ya River Road. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano hivi, na benga gani inatosheka na dakika nne? Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, wa pili chemko, magitaa yakijibizana. Anayetaka kucheza dansi sharti ainuke ageuze. Mimi hadi leo huanza na upande wa pili. Mke wangu husema nakula nyama nikiacha ugali.

Mashine, basi. Usivutiwe na yale masanduku ya kubeba yenye rangi nzuri. Mengi mkono wake unaoshika sindano ni mzito, na sindano hukwangua santuri. Afadhali kuukuu iliyotunzwa, yenye mkono unaoweza kurekebishwa uzito, sindano ikandamize gramu mbili hivi. Nenda Kenyatta Market, kule kwa wachoma nyama na wasusi, uulizie wauza santuri. Beba hiyo yako na uombe ichezwe kabla hujatoa hela. Tundu la katikati likiwa kubwa, utahitaji kile kiduara cha plastiki cha kulijaza. Dai upewe pamoja na mashine. Na mwimbaji akisikika mzito, mvivu mvivu, swichi ya mizunguko iko 33. Isogeze 45.

Kwenye matatu ishike pajani. Ukimwachia dereva aiweke kwenye dashibodi, jua la saa saba litaikunja kabla hujafika sokoni.