Maswali Yenu: Jiji, Kaunti, Jimbo au Shirikisho?

*Bili yangu ya pili ya kodi ya nyumba imepanda ghafla. Ofisi ya jiji imesema haihusiki. Nimwendee nani? – Msomaji, Rogers Park, Chicago*

Ofisi ya jiji imekuambia kweli. Kodi ya nyumba Chicago husimamiwa na Kaunti ya Cook, na ndani ya kaunti kazi imegawanywa: Mthamini hukadiria thamani ya nyumba, Bodi ya Mapitio husikiliza rufaa, Mweka Hazina hutuma bili na kupokea malipo. Huyu wa mwisho ndiye watu humlalamikia zaidi, ilhali hana uwezo wa kukupunguzia hata senti moja. Fedha zenyewe hugawiwa shule, jiji, kaunti, bustani za umma na wengineo. Shule ndizo zenye fungu kubwa kuliko wote.

Bili ya pili huruka kwa sababu ya hesabu yake. Awamu ya kwanza ni asilimia 55 ya kodi yote ya mwaka uliotangulia, bila kujali kilichobadilika. Thamani mpya, viwango vipya na misamaha iliyopotea vyote huangukia awamu ya pili.

Kwa hiyo kagua kwanza misamaha iliyoandikwa kwenye bili. Ukiwa unaishi katika nyumba yako mwenyewe, una haki ya msamaha wa mwenye nyumba, unaoondoa dola 10,000 katika thamani inayotozwa kodi. Usidhani ni dola 10,000 za bili: kiwango kikiwa asilimia 7, unaokoa dola 700. Ukiukosa, mwombe Mthamini cheti cha kusahihisha kosa. Chaweza kurudi nyuma hadi miaka ya karibuni uliyoukosa.

Rufaa ya thamani ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi huumia. Bili ya mwaka huu ni kodi ya mwaka jana, hivyo ukingoja bili ifike ndipo ulalamike, dirisha la rufaa limekwisha kufungwa. Chicago huthaminiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Mara ya mwisho ilikuwa 2024. Barua ya thamani ikifika, isome siku hiyohiyo, maana muda wa rufaa ni wa wiki chache tu. Linganisha ukubwa wa nyumba ulioandikwa na ukubwa halisi, kisha tafuta nyumba za aina yako mtaani zilizothaminiwa chini. Kusema "kodi ni kubwa, siimudu" hakusikilizwi. Kinachopimwa ni thamani. Mthamini akikataa, bado unayo Bodi ya Mapitio.

*Nimehama Evanston kuja Chicago na nimejaza fomu ya posta. Inatosha? Nina kadi ya kijani. – Msomaji, Chicago*

Haitoshi. Posta husogeza barua tu, haiziarifu idara nyingine. Idara ya uhamiaji, USCIS, ni ya shirikisho, na sheria inakutaka uijulishe anwani mpya ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, ambayo hujazwa mtandaoni. Leseni ya udereva ni ya jimbo: mwarifu Katibu wa Jimbo la Illinois, nako ni ndani ya siku 10. Ukiwa huko unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kataa waziwazi, na usitie saini fomu usiyoielewa. Asiye raia akijiandikisha anaweza kupoteza hata haki ya ukaazi.

Kaunti hujaiacha, kwani Evanston nayo imo Cook. Namba za gari hazibadiliki. Ila Chicago ina stika yake ya gari, na mkaazi mpya ana siku 30 za kuinunua kwa Karani wa Jiji.

*Jengo letu lina nyumba sita na taka hazizolewi. Nipige 311, namba ya huduma za jiji? – Msomaji, Albany Park*

Anza na mwenye jengo. Jiji huzoa taka za majengo yenye nyumba nne au pungufu. Kwa makubwa zaidi, mwenye jengo hulipa kampuni binafsi. Akipuuza, hapo ndipo 311 inafaa: eleza kwamba jengo halina huduma ya taka, kisha omba namba ya ombi lako. Ukiwa na namba hiyo, diwani wa wadi yako ataweza kulifuatilia.